Msumari Mmoja kwenye Ukuta wa Mama

Siku ndugu yangu alipoweka bahari yake kwenye simu, mimi nilikuwa nikimwinua mteja kidevu mbele ya bahari yangu.

Bahari yangu ni kitambaa. Kimening'inia kwenye ukuta wa nyuma wa studio yangu, Nyamira mjini, tangu nilipoifungua: maji ya buluu, mchanga wa manjano, na minazi miwili iliyoinamiana kama wanawake wanaosengenya. Aliyekichora hakuwahi kufika Pwani, na mimi pia sijafika. Maji mengi niliyowahi kuyaona kwa macho yangu ni ya ziwa, Kisumu, siku niliyoitwa kupiga picha za harusi. Lakini nusu ya watu wa huku kwetu wamesimama mbele ya kitambaa kile. Wamesimama wakiwa na sare za shule, na majoho ya kwaya, na wengine wakiwa na gamboti, viatu virefu vya mpira, wametoka moja kwa moja kuchuma majani chai. Ukiingia nyumba nyingi kutoka Nyamira hadi Ikonge utaikuta bahari yangu ukutani. Ndiyo maana watu wetu wanaijua bahari moja tu, ya buluu na yenye minazi. Hilo ndilo lililokuja kuniponza.

Simu ilikuwa juu ya meza. Picha ya ndugu yangu ilikuwa nyeusi na nyeupe. Mawe meusi, nguzo chache za gati lililobomoka zamani, na katikati yake weupe mtupu, laini, usio na wimbi wala mwisho. Hukuweza kujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Chini alikuwa ameandika neno moja, "Subira," kana kwamba ni yeye aliyeivumbua.

Mteja akanyoosha shingo kuangalia. "Huyu si yule mdogo wako? Siku hizi anakushinda."

Nikamwambia afunge mdomo, meno yanaharibu picha.

Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi nimeushiriki miaka yote hii na nguo bado zinanibana. Lakini kuuma, uliuma. Ndugu yangu ni kitinda mimba, mimi ni kifungua mimba, na kamera aliishika kwanza ndani ya studio yangu, alipomaliza shule na hana la kufanya. Watu wa kwanza aliowapiga hawakuwa na vichwa. Ni mimi niliyemfundisha kutoa pumzi kabla ya kubonyeza. Alipopata kazi ya kutengeneza majokofu ya hoteli huko Pwani, nilimpa stendi yangu ya miguu mitatu, ile nzuri, nikabaki na hii inayolegea goti moja. Kwa hiyo kila nilipoiona bahari yake imetulia namna ile, nilijua imetulia juu ya miguu yangu.

Alinieleza siku moja kwa simu jinsi anavyofanya, bila mimi kumwuliza. Unaweka kioo cheusi mbele ya lenzi, mwanga unaingia kidogo kidogo, kisha unaiacha kamera wazi kwa dakika kadhaa. Kila kinachosogea kinafutika. Mawimbi yanapanda na kushuka mpaka yanageuka kuwa ukungu. Hata watu wakipita mbele, picha haiwaoni. Kinachobaki ni kile kilichokubali kukaa mahali pake.

"Unasimama tu hapo?" nikamwuliza.

"Nasimama tu."

"Na unalipwa kwa hilo?"

Akacheka. Hakujua kwamba sikuwa nikitania.

Mambo hayo yangebaki kwenye simu kama si nyumba ya mama. Kwetu, kitinda mimba ndiye hubaki na nyumba ya mama, kwa hiyo ndugu yangu alipomjengea mama nyumba ya mawe pale Ikonge alikuwa anamjengea na anajijengea. Watu walimsifu mpaka nikachoka. Mimi nimeolewa Magwagwa. Binti akishaolewa, kwao hana shamba wala nyumba, anakuja na kikapu na kuondoka na kikapu. Nilichokuwa nacho mimi kwetu ni ukuta. Ile nyumba ya zamani ya udongo ilikuwa imejaa picha chini ya dari, zimeinamishwa mbele kidogo ili uzione ukiwa umeketi, na zote nilizipiga mimi. Marehemu baba. Ubatizo wa kila mmoja wa wadogo zangu. Mama na ng'ombe wake wa kwanza wa gredi, yule wa maziwa mengi. Ukiinua macho katika nyumba ile, uliona kazi yangu, na hakuna aliyeniita mgeni.

Mama alipohamia nyumba mpya, fundi alipiga msumari wa kwanza ili atundike saa, na plasta ikamwagika sakafuni kama unga. Mama aliiangalia saa, akamwangalia fundi, kisha akatutangazia sote, sisi tuliokuwa pale na yule aliyekuwa Pwani kwa simu: "Ukuta huu utapigwa msumari mmoja tu. Na utakuwa wa picha, saa nitaweka juu ya kabati. Picha moja. Mkitaka kupigana kwa ajili yake, piganeni huko nje kwa ng'ombe."

Picha zangu zote zikaingia kwenye sanduku chini ya kitanda.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Ndugu yangu alisema atakuja kwa maombi ya kufungua nyumba, na atakuja na picha. Nilijua ni ipi. Nilijua pia kwamba msumari ule mmoja ndio nafasi yangu ya mwisho katika nyumba ile, maana akiutwaa na ukuta, mimi nitabaki na mlango tu wa kuingilia na kutokea.

Nikasema, kama ni ukungu wanataka, ukungu uko kwetu. Hakuna mtu wa Pwani atakayenifundisha ukungu.

Kioo cheusi sikuwa nacho, na kumwuliza ndugu yangu ningemeza sumu kwanza. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, nyuma ya stendi ya magari, nikanunua kile kioo wanachotazamia moto. Alidhani nimeacha picha nimeingia kwenye mageti na madirisha. Nilikifunga kwenye lenzi kwa mipira ya kufungia noti. Ukipiga picha kwa kioo kile kila kitu kinatoka kijani, hata ng'ombe, ndiyo maana lazima uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Nililipenda jambo hilo. Nilijiambia kwamba hata ndugu yangu pengine ana ukijani wake anaouficha.

Shamba la mama linateremka hadi mtoni. Alfajiri ukungu hulala kule chini, na ncha za mikaratusi huchomoza juu yake. Nilisimamisha stendi yangu kilema juu ya mteremko, nikaliegemeza lile goti kwa jiwe. Mama alikuwa tayari kwenye majani, aproni ya plastiki kiunoni. Kikapu kikubwa alikuwa amekiweka mwanzoni mwa mstari, akawa anachuma, anarudi kumwaga, anaenda tena.

"Nisimame?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Endelea na kazi yako."

"Picha zako zote huwa unataka mtu asimame."

"Hii ni tofauti."

Akaendelea. Mama yangu hakuwahi kukaa bure. Hata kanisani vidole vyake huchuma pindo la kitambaa.

Picha ilipotoka, nilipiga kelele peke yangu studioni. Mistari ya chai ilikuwa myeusi na imenyooka. Ukungu ulikuwa umejaa bonde lote, mweupe, mzito, bora kuliko bahari yoyote. Na mbele, kikapu cha mama kilikuwa kimesimama wazi kiasi kwamba ungeweza kuhesabu fito zake. Mama mwenyewe hakuwemo. Alikuwa amekwenda na kurudi muda wote ule, kwa hiyo picha haikumwona. Nililiona hilo na sikulijali. Nilisema ni sanaa. Nilitafuta fremu ya mninga, nikakifuta kioo chake mara tatu, na njiani kwenda Ikonge niliipakata mapajani kama mtoto mchanga.

Ndugu yangu alifika Ijumaa jioni, amechelewa kwa sababu basi liliharibika njiani. Alikuwa amenenepa. Alinisalimia kwa mikono miwili, "Shikamoo dada," akanipa korosho, akamkumbatia mama mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Kisha akafungua blanketi, akaitoa picha. Ilikuwa ndiyo ile, lakini kubwa, kubwa kuliko yangu, ndani ya fremu nyembamba nyeusi. Kwenye simu nilikuwa nimeichukia. Pale mbele yangu niliichukia zaidi, kwa sababu ilikuwa nzuri.

Mama aliisogelea, akarudi nyuma, akaisogelea tena. Ndugu yangu akaenda kutafuta nyundo.

"Jua limetua," mama akasema. "Sabato imeingia. Hakuna mtu atapiga msumari kwa nyumba yangu mpaka kesho jua litue."

Basi picha mbili zikawekwa sakafuni, zimeegemea ukuta, bega kwa bega, chini ya mahali palipowekwa alama ya penseli. Zilikaa pale usiku kucha na Sabato nzima. Hakuna aliyetamka kwamba ni mashindano. Lakini kila aliyeingia nyumba ile aliketi kuzielekea, na mimi nilihakikisha nimeketi mahali pa kuziona nyuso zao.

Baada ya kanisa walikuja wengi. Mzee wa kanisa na mkewe, akina mama wa Dorkasi, idara ya kanisa ya kusaidia wahitaji, majirani, shangazi yetu anayesikia kwa sikio moja. Walikula, wakaomba, wakaimba. Kisha macho yakaanza kushuka sakafuni.

Mzee wa kanisa ndiye aliyeanza. Aliinama mbele ya picha ya ndugu yangu, miwani mkononi. "Hii ni pale chini mtoni," akasema, "kabla barabara haijapanuliwa."

"Na hizi ni nguzo za ua wa yule jirani aliyehama," mkewe akasema. "Ule ukungu wa mwezi wa saba. Angalia. Hata mawe ni yale ya kufulia."

Wakasogea wote. Kila mmoja akaona lake. Shangazi alionyesha kwa kidole mahali alipoteleza akavunja mtungi akiwa msichana. Hakuna hata mmoja aliyeiona bahari, na wangeionaje? Hapakuwa na buluu, hapakuwa na mnazi. Mimi niliyewauzia bahari ya kitambaa miaka yote ile ndiye niliyewafunga macho.

Mama alikuwa ameketi wima, mikono imetulia mapajani. Sijawahi kuiona mikono ile imetulia. "Kijana ameenda mbali," akasema, "lakini hakusahau kwao."

Ndugu yangu alifungua mdomo. Nilimwona. Mama akamwekea mkono gotini, na mdomo ukafungwa, akanywa chai. Alinitupia jicho, na mimi nikaangalia dirishani.

Nilikuwa natokota. Mtu amekwenda kupiga mawe ya ugenini, na watu wangu wanayaita nyumbani. Mimi nimeamka alfajiri nikalipiga bonde lenyewe, lile lile, na hakuna aliyelitazama.

Kisha wakalitazama, na afadhali wasingelitazama.

"Kikapu cha nani hiki?" mke wa mzee akauliza.

"Changu," mama akasema.

"Na wewe uko wapi?"

Vikombe vikawekwa chini. Kwetu, kitu cha mtu kikiwekwa mbele ya watu bila mwenyewe, hakuna anayehitaji kuelezwa. Sisi ni watu wa matanga makubwa. Tumeona viti vitupu vya kutosha. Nilieleza haraka haraka kwamba mama alikuwa anasogea, kwamba kamera ilikuwa wazi muda mrefu, kwamba ndivyo kioo kinavyofanya. Nilivyoeleza zaidi, ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Shangazi, ambaye hakusikia hata neno moja, aliiangalia picha, akatikisa kichwa, akasema kwa Kikisii, "Yaya, yaya," ndiyo kusema hapana, hapana, akageuza kiti chake ili asiione.

Mama akacheka. Alicheka kwa nguvu, akasema labda alikuwa amekwenda kunywa chai, na watu wakapata ruhusa ya kucheka pia. Lakini nilipopita na sufuria baadaye niliigeuza ile picha yangu, uso wake ukaangalia ukuta.

Jua lilipotua, wageni walikuwa wameondoka. Tulifunga Sabato kwa wimbo na sala, na mama hakungoja hata "amina" ipoe. "Lete nyundo," akamwambia ndugu yangu. Hakuuliza ni picha ipi. Hakunitazama hata kwa adabu. Ndugu yangu alipanda kwenye stuli, msumari katikati ya vidole, na mimi nikajisikia nikisema kwa sauti iliyotoka juu kuliko nilivyotaka:

"Mama, hiyo si Ikonge. Hiyo ni bahari."

Nyundo ikabaki hewani.

"Ni bahari ya huko anakofanya kazi," nikaendelea, maana nilikuwa nimekwisha kuanza. "Hayo si mawe ya mtoni. Hizo si nguzo za ua. Hajapiga kwetu hata siku moja. Aliyepiga kwetu ni mimi."

Mama akamgeukia. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama," ndugu yangu akasema. "Nilitaka kusema tangu mchana." Sikio lake lilikuwa limekuwa jekundu, jinsi lilivyokuwa likifanya akiwa mtoto, na kwa sekunde moja nilifurahi sana.

Mama alichukua taa, akapiga magoti mbele ya picha, na uzee wake wote, akaitazama upya. Aliitazama kwa muda. Aliweka kidole kwenye ule weupe.

"Haya ni maji?"

"Ni maji. Yalikuwa yanapiga mawe kwa nguvu. Lakini ukingoja, yanakuwa hivyo."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilisimama nyuma ya kamera, nikingoja."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Mama alikiacha kidole pale pale. Kisha akasema polepole, akiongea na picha zaidi kuliko na sisi: "Miaka yote hii nikiomba usiku, nilikuwa sijui nikutazamie wapi. Nilikuwa nafikiri huko ni moto na kelele na watu wabaya tu. Kumbe huamka ukakuta ukungu kama huu." Akashika stuli, akainuka. "Piga msumari."

"Mama," nikasema. "Na mimi je?"

Akanitazama, kwa mara ya kwanza siku ile. Hakuwa na hasira. Alikuwa na mshangao.

"Wewe unaingia kwa mlango kila wiki," akasema. "Huyu ataingilia wapi?"

Nyundo ikagonga. Plasta haikumwagika hata chembe. Hilo nalo liliniudhi.

Asubuhi ya Jumapili nilifungasha mapema. Sikutaka chai, na mtu wa kwetu akikataa chai ujue ana neno. Nilikuwa naitafuta picha yangu nikaikuta mikononi mwa mama, ameipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Umepiga vizuri," akasema. "Ukungu ni wenyewe. Lakini umeniondoa. Kabla hujaenda, nirudishe."

"Nikurudishe vipi?"

"Si una hiyo kamera? Nipige. Mimi peke yangu, nimekaa, niko ndani."

Nilimwambia mwanga wa sebuleni ni mbaya, tutoke barazani. Mwanga wa sebuleni ulikuwa mzuri sana. Nilichokuwa sitaki ni ile bahari juu ya kichwa chake. Nikatoa kiti, nikamketisha, ukuta mtupu wa mawe nyuma yake. Alikuwa amevaa ile sweta ya kijani na kitambaa chake cha kanisa. Ningeweza kumpiga kwa kufumba na kufumbua, nikaondoka. Lakini mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye begi, ukatoa kile kioo cha fundi, ukakifunga kwenye lenzi. Hapakuwa na haja yake yoyote. Nilitaka tu anitazame kwa muda mrefu.

"Hii haitaki usogee," nikamwambia. "Hata kidogo. Na usiangalie kamera. Niangalie mimi."

"Muda gani?"

"Mpaka niseme."

Nikabonyeza, nikasimama kando ya stendi. Mama akanitazama.

Sijui kama umewahi kutazamwa na mama yako dakika nzima bila neno, bila kazi katikati yenu. Mimi sikuwahi. Sisi wa kwanza hatutazamwi, sisi hutumwa. Lete maji, beba mtoto, koroga uji, yule mtoto analia una masikio ya nini. Mimi nilijifunza kumwona mama kwa mgongo wake. Na sasa yule pale, macho ya kahawia yenye ukungu kidogo pembeni, hayakupepesa ila ilipobidi. Kuku walipita. Upepo ukainua pindo la sketi, akalibana kwa goti bila kuangalia. Ndugu yangu akatoka mlangoni na kikombe cha chai, akapita nyuma yake polepole, akasema, "Mama, chai yako hii," na mama hakugeuka. Hakugeuka! Alikuwa ananitazama mimi.

Nilipaswa kufunga mapema zaidi. Niliiacha.

Picha ilipotokea kwenye kioo cha kamera ilikuwa ya kijani, nikaigeuza palepale iwe nyeusi na nyeupe. Mikono ilikuwa imefifia kidogo, maana ilishindwa kutulia kabisa. Lakini uso ulikuwa uso. Ndugu yangu na kikombe chake hawakuonekana popote. Nilitafuta hata kivuli, sikukipata, nikatabasamu kwa ubaya.

Nilimpa mama aone. Aliishika kamera kwa mikono miwili, mbali na macho, kisha karibu.

"Ndiyo hii," akasema. "Ya huyu ibaki kwa nyumba, ni ya kukaa. Hii yako ndiyo mtatangulia nayo mbele, siku yangu. Uiweke kubwa. Usiwaache wachukue ile ya kitambulisho."

Alisema hivyo kama anayenituma chumvi, akanirudishia kamera, akachukua kikombe chake kwa mwanawe na kulalamika kwamba chai imepoa.

Kazi hiyo naijua kuliko yoyote. Kila wiki watu huja studioni na picha ndogo iliyochakaa, wakaniomba niikuze. Najua ukubwa wake, najua fremu yake, najua utepe mweusi unafungwa kona ipi. Najua jinsi mjukuu anavyotangulia nayo kifuani mbele ya jeneza, na jinsi watu wanavyoiangalia picha kwanza kabla ya kuangalia sanduku. Nimekuza nyuso za nusu ya tarafa yetu. Sikuwahi kufikiria kwamba siku moja nitashinda zabuni hiyo nyumbani kwetu.

Basi nimeshinda. Maisha yangu yote nilikuwa nikitaka nipewe kitu mbele ya ndugu yangu, kitu ambacho yeye hana na hawezi kununua, na mama amenipa kwa mkono wake. Picha ingali ndani ya kamera. Sijaihamisha, sijaichapa. Mteja akija na picha ya kukuza, naangalia pembeni mashine inapofanya kazi. Nikifika Ikonge, siingii mpaka nimsikie akiongea na ng'ombe. Kisha naingia kwa mlango, naketi chini ya ile bahari, na kusema kweli siku hizi naiangalia.

Juzi nilimpigia ndugu yangu. Alidhani kuna ubaya nyumbani, maana mimi si mtu wa kumpigia bure. Nilimwambia mama yu mzima, anachuma majani, amemfukuza fundi mwingine. Kisha nikamwambia Desemba aje na kamera yake, na kile kioo chake cha kununua, na ile stendi yangu. Amketishe mama barazani, ampige, achukue muda wote anaotaka.

"Lakini wewe ulishampiga," akasema. "Na mama aliipenda. Alisema ndiyo hiyo."

"Najua alichosema," nikamwambia. "Piga nzuri kuliko yangu."